Nani Atamwita Mama Kip

Turubai la kuanikia mahindi halitupwi. Linatoboka, linashonwa kwa uzi wa gunia, linatoboka tena, na bado linakunjwa na kurudishwa stoo kungoja mavuno mengine. La kwetu kule Kapseret lilikuwa la kijani wakati mmoja. Sasa sijui niseme ni rangi gani. Wiki iliyopita, baada ya kumzika jirani yetu Mama Shiro, nililivuta kutoka nyuma ya pipa, nikalikunjua uani, na harufu yake ikanipiga usoni: vumbi la mahindi, panya, na ule unyevu wa mvua za zamani ambao haujawahi kutoka. Nikakaa chini juu yake, mwanamke mzima mwenye watoto wangu, nikalia. Sikuwa namlilia Mama Shiro peke yake.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa nikisema tulilelewa kwa majina nusu nusu. Hakuna aliyekuwa na muda wa jina zima. Mwalimu ndiye aliyelisoma lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukisikia limesomwa lote ujue una makosa. Nyumbani na njiani ulikuwa kipande tu cha jina lako, na ulikizoea kile kipande mpaka ukasahau kwamba kuna kilichobaki.

Kwa upande wetu, fundi wa kukata majina alikuwa Mama Shiro. Yeye na mumewe walitoka Murang'a kabla sijazaliwa, wakanunua kishamba kilichopakana na chetu na kufungua duka upande wa mbele, kando ya barabara. Kati yetu na wao kulikuwa na ua wa kayaba wenye miiba mirefu, na katikati ya ua huo palikuwa na pengo ambalo kila mwaka Baba alisema ataliziba, na kila mwaka akaliacha. Mama Shiro alikuwa na sauti kubwa yenye mkwaruzo, na alipomwita mtu alivuta mwisho wa jina mpaka pumzi imwishie. Mtoto aliyeingia dukani kwake na jina refu alitoka na jina fupi. Kaka yangu Kiprop aliingia akatoka Kip. Mimi Chebet nikatoka Chebe, na jina hilo nikalibeba hadi shule ya upili bila hata kuulizwa kama nalipenda.

Baadaye nilielewa kwamba kwake kukata jina hakukuwa utani tu. Binti yake Shiro, ambaye alikuwa rika langu, jina lake zima lilikuwa Wanjiru, na hilo lilikuwa jina la mama mkwe wa Mama Shiro. Sasa mtu atasimamaje uani apige kelele, "Wanjiru, wewe ni mvivu!" bila kumtukana bibi wa watu? Kwa hiyo jina zima liliwekwa juu kama vikombe vya wageni, na lile fupi likafanya kazi za kila siku. Lilitumwa, liligombezwa, lilichapwa. Kwa Mama Shiro kumkatia mtoto jina ilikuwa njia ya kuliheshimu lile lililobaki.

Hayo Gogo hakuyajua, na hata angeyajua asingeyakubali. Gogo, mama yake Baba, alikuwa na nyumba yake ndogo hapo hapo uani kwetu, na kila jina la mjukuu lilikuwa na habari yake ambayo hakutaka ipunguzwe. Kiprop aliitwa hivyo kwa sababu alikuja na mvua. Gogo alikuwa mkunga wake, na alipenda kusimulia jinsi ilivyonyesha siku hiyo hadi wanaume wakashindwa kuvuka kwenda kuleta gari, na jinsi mtoto alivyolia mara ya kwanza na mabati yakamfunika sauti.

"Kip ni nini?" alikuwa akiuliza, akitema neno lenyewe kama ganda la mua. "Kila kijana wa kwetu ana Kip. Huyo mama amechukua mjukuu wangu, mvua akaitupa, akaniachia mlango bila nyumba."

Mama Shiro aliposikia alicheka sana. "Mwambieni Gogo hata mimi sina nguvu ya kuita mvua yote," alisema. Gogo hakuona cha kuchekesha hapo. Tangu siku hiyo alinunua chumvi duka la mbali, akitembea na fimbo yake akilipita la jirani bila kugeuza shingo.

Mwenye jina, kwa upande wake, alilipenda. Na alikuwa na sababu. Wakati wa kuanika mahindi, kazi ya watoto ilikuwa kuyageuza kwa miguu: unavua viatu, unaburuta nyayo ndani ya mahindi kutoka pembe moja ya turubai hadi nyingine, ukiacha mistari kama ya jembe. Yale ya juu yalikuwa ya moto na ya chini yalikuwa baridi, na vumbi lake jeupe lilipanda hadi magotini na kuwasha. Kip alikuwa akimaliza kugeuza anaandika jina lake kwa kisigino, herufi kubwa kubwa, KIP, likajaa turubai zima. Mimi nilijaribu CHEBET, nikifika katikati nimeishiwa na turubai. Nilinuna. Yeye akanicheka, kisha akanifutia na kuniandikia mwenyewe, herufi zikiwa zimebanana kama watu kwenye benchi la kanisa, ili nami nitoshee.

Jambo lililoniuma zaidi halikuwa turubai. Mnajua desturi ilivyo. Mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linawekwa kando, anabeba la mtoto wa kwanza. Mimi nilijua kwamba mama yangu anaitwa Salina siku alipoitwa zahanati, na nilidhani wamekosea mtu. Alikuwa Mama Kip. Baba alikuwa Baba Kip. Nyumba ilikuwa kwa kina Kip, mbwa alikuwa mbwa wa kina Kip, hata maziwa yetu yaliyopelekwa kwenye kituo cha kukusanyia yalikuwa maziwa ya kina Kip. Nilizunguka boma lote nikitafuta kitu chenye jina langu, sikukiona. Nikamwendea kaka yangu na malalamiko hayo nikiwa na machozi.

Alifikiri kidogo. "Wewe chukua ng'ombe," akasema. "Ile nyeusi. Kuanzia leo hiyo ni ng'ombe ya kina Chebe."

Na kweli alienda kuwaambia watu wote, mpaka Mama Shiro akawa akiuliza pale penye pengo kama ng'ombe wa kina Chebe amekunywa maji. Ndivyo alivyokuwa.

Aliugua wakati wa mavuno, mahindi yakiwa nje. Ilianza na kichwa, halafu homa, halafu shingo ikakataa kugeuka. Mume wa Mama Shiro alileta pikapu yake hadi mlangoni. Baba akambeba Kip akiwa amefunikwa koti lake kubwa lenye harufu ya ng'ombe, Mama akapanda nyuma akampakata. Niliwafuata hadi langoni nikiwa miguu mitupu, nimetoka kwenye turubai. Kip akafungua macho.

"Chebe, uyageuze," akasema. "Lakini usiandike kitu. Nitaandika mimi nikirudi."

Nikayageuza. Sikuandika kitu. Niliacha mistari mitupu, safi, nikangoja.

Walirudi bila yeye. Watu wakajaa uani, mahindi yakasukumwa kando kwa marundo ili viti vipate nafasi, na alipoletwa ndani ya jeneza tukamzika kule chini karibu na miti ya Baba. Mama hakulia. Nilisikia wanawake wakinong'ona kwamba hajalia, na kwamba si vizuri. Alikuwa amekaa na mikono imelala mapajani, viganja vikitazama juu, kama mtu aliyeambiwa ashike kitu kisha kikasahaulika kuletwa.

Siku chache baada ya mazishi, wanawake wa jirani walikuja kutusaidia kupukuchua. Walikaa kwa duara kwenye uwanja wa jikoni, magunzi yakirundikana nyuma yao, na hakuna aliyejua amwite Mama nani. Niliona jinsi walivyoanza neno na kulimeza. "Mama... nipitishie hiyo debe." "Mama... chai imeiva." Hapo Gogo akatoka nyumbani kwake na fimbo, akasimama katikati ya duara, akaongea kwa lugha yetu, taratibu.

"Kuanzia leo huyu ni Bot Chebet. Mama Chebet. Jina la mtoto aliyelala halipigiwi kelele katika boma hili. Akisikia anaitwa hatapumzika, na mama yake pia hatapumzika. Tumemaliza."

Wakaitikia kwa vichwa. Mwanamke mmoja akamgeukia Mama Shiro na kumweleza kwa Kiswahili, naye akaitikia vilevile, ameinamisha macho. Nikamtazama Mama. Yeye ni mkwe, na mkwe hamjibu mama wa mumewe mbele ya watu. Aliendelea kupukuchua. Gunzi aliloshika lilikuwa limeshaisha mahindi lakini vidole vyake vilikuwa bado vinalisugua.

Nami nilifanyaje? Nilikuwa mtoto mdogo. Nilisikia jina langu likitajwa katikati ya watu wazima, likipewa mama, likipewa nyumba nzima, na kitu kikaruka kifuani mwangu ambacho sina jina jingine la kukiita isipokuwa furaha. Nilidhani nimepandishwa cheo. Nilidhani Kip ameniachia, kama alivyoniachia ng'ombe. Sikuwa nimeelewa bado kwamba kufa ni kutorudi. Mahindi yalipotandazwa tena kwenye turubai nilikuwa bado naacha mistari mitupu, ikimsubiri.

Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu Mama hakuitika.

Waliita, "Mama Chebet!" akaendelea na alichokuwa akifanya. Wanawake wa kanisa walikuja wakasema, "Mama Chebet, pole," akawatazama kama wanaongea na mtu aliye nyuma yake. Gogo akiita alikwenda, kwa sababu ni Gogo, lakini alikwenda kimya, ile "Ooi!" yake ya zamani, ndefu, ya kutoka popote alipo akiwa na ndoo kichwani au mikono katika unga, haikusikika tena. Watu wakasema ni huzuni, itapita. Mimi nikasema moyoni ni jina. Hataki jina langu. Kulikuwa na watoto wawili na amebaki na yule ambaye hakumtaka.

Sijui kama mnakumbuka jinsi mtoto anavyofanya akiamini hapendwi. Halalamiki. Anafanya kazi. Nilianza kuamka na kuokota kuni kabla ya kutumwa. Nilisugua sufuria kwa majivu hadi nikajiona usoni. Nilimwoshea Mama miguu bila kuambiwa, naye akaniachia, macho yakiwa mbali. Kila nilipomaliza kazi nilisimama karibu yake nikingoja mtu aite, "Mama Chebet," nione kama safari hii nimestahili. Alikuwa hasikii.

Kisha mvua ikaja. Mvua ya wakati wa mavuno huwa haibishi hodi. Inatokea upande wa uwanja wa ndege, wingu moja jeusi, na kabla hujaamua iko juu ya kichwa chako. Kwetu watu hawakuwa wakiangalia mawingu kila mtu kivyake. Aliyeliona wa kwanza alipaza sauti kumwita jirani, jirani akamwita wa pili, na majina ya akina mama yakakimbia kutoka boma hadi boma kwa kasi kuliko mvua yenyewe. Siku hiyo nilisikia yakija. Halafu Mama Shiro akafika penye pengo.

"Mama Chebet! Weee, Mama Chebet! Mvua!"

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni. Alikuwa akiliona wingu. Aliliona vizuri kuliko sisi sote, alilitazama kama mtu anayetazama mgeni akipanda kilima.

"Mama Chebet, hiyo mahindi inanyeshewa! Wewe huskii?"

Hakusimama. Nilikimbilia turubai peke yangu, nikashika pembe moja nikavuta, na mahindi yalikuwa mazito kuliko mimi. Mvua ikanikuta nimening'inia kwenye pembe hiyo nikilia na kuvuta. Baba hakuwepo. Hadi Mama Shiro alipozunguka langoni na kuja mbio, kanga imemganda mwilini, maji yalikuwa yanapita katikati ya mahindi kama mfereji. Siku mbili tatu baadaye yakaanza kunuka, ile harufu ya uchachu na ukungu, na mengi tukawapa ng'ombe. Harufu hiyo ndiyo iliyobaki kwenye turubai. Ndiyo niliyoikuta wiki iliyopita.

Gogo alimkalia Mama kooni. Alimwambia kuomboleza kuna mwisho, kwamba ana mtoto mwingine wa kulisha, kwamba jina zuri la mtoto aliye hai linaitwa na yeye analidharau. Mama akasikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na hilo neno la kudharau likanimaliza, kwa sababu sasa hata mtu mzima amesema.

Yale mahindi yaliyopona tuliyaanika tena. Na wingu likarudi, kana kwamba lilisahau kitu. Mama alikuwa pale pale kwenye kigoda. Nilimwona Mama Shiro akifika penye pengo, akifungua mdomo. "Mama Che..." akaanza, akanyamaza. Akamtazama Mama. Akaangalia nyumba ya Gogo. Nadhani alijua kabisa atakachoanzisha. Kisha akashika kiuno, akavuta pumzi.

"Mama Kiiip! Weee, Mama Kiiip! Mvua!"

Uwanja mzima ulinyamaza, hata kuku. Na kutoka kwenye kigoda, kabla hata mwangwi haujaisha, nikasikia kitu ambacho nilikuwa nimekisahau.

"Ooi!"

Mama alikuwa amesimama. Alikuwa anakimbia. Alishika turubai upande mmoja, Mama Shiro akapenya pale pale kwenye pengo huku miiba ikimchana, akashika upande mwingine, mimi nikarukia katikati na debe, tukaanua mahindi yote kabla ya tone la tatu. Tulipoyamwaga stoo, Mama akaanguka kwa magoti juu ya rundo, uso ndani ya mahindi, na kilio kikamtoka. Kilikuwa kilio cha siku zote zile alizokaa kimya. Mama Shiro alikaa kando yake, akamshika mgongo, akarudia jina lile kwa sauti ya chini, mara kwa mara. "Mama Kip. Mama Kip. Pole, Mama Kip."

Gogo alikuwa amesimama mlangoni, mvua ikimnyeshea kichwani bila yeye kujali.

"Wewe mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "unaita mtu nalala?"

Mama Shiro hakuinuka, lakini sauti yake ilikuwa ya heshima. "Hapana, Mama. Mimi siiti mtoto. Mtoto tulimlaza vizuri, hata mimi nilikuwa. Naita mama yake. Huyu hajalala."

Gogo akageuza fimbo yake, akaenda zake. Hakuongea na Mama Shiro tena kwa miaka mingi, na hakubadilisha neno lake pia. Kwake Mama alibaki Bot Chebet, na Mama akabaki kwenda kimya akiitwa.

Mama Shiro alipoondoka nilibaki stoo na Mama. Mvua ilikuwa imepamba moto juu ya mabati. Sikuweza kuzuia tena.

"Mama, mbona hutaki jina langu?"

Alinitazama kama ndiyo kwanza anagundua nipo. Alinivuta, akanipangusa vumbi la mahindi kwenye paji la uso kwa kidole gumba.

"Nani amekuambia silitaki? Nililichagua mimi. Chebet ni wewe. Uko hapa, nakuona, nikitaka nakuita sasa hivi na unakuja." Akasikiliza mabati. "Yule hana mahali pengine pa kuitwa, Chebet. Amebaki hapo tu, mimi nikiitwa."

Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba napendwa, na kwa umri ule hilo lilinitosha. Kesho yake jua lilipotoka tukaanika tena, nikageuza mahindi, nikaacha mistari mitupu. Mama akaja akasimama kando. Akavua viatu. Akaingia kwenye mahindi, akaandika kwa kisigino, polepole, herufi zile tatu. Halafu akachukua reki na kuzisawazisha.

Watu wanapenda kubishana kuhusu majina haya mafupi, kama ni utani au ni kukosa adabu. Hata watoto wangu wananiuliza, kwa sababu shuleni wanaitana vitu vya ajabu. Nawaambia Gogo alikuwa na haki kuudhika, maana mtu aliyempokea mtoto siku ya mvua ile anajua alichopunguziwa. Na Mama Shiro alikuwa na haki. Lile jina fupi lililomfanya Gogo atembee mbali kutafuta chumvi ndilo pekee lililobaki la mjukuu wake juu ya ardhi.

Kuhusu Gogo nina neno moja la kuongeza. Alipokuwa anaelekea mwisho, Mama ndiye aliyemwosha na kumlisha. Siku moja Gogo akamwambia kwamba Baba hakuwa mtoto wake wa kwanza. Kulikuwa na msichana, aliyekufa kabla ya kutembea, na baada yake Gogo akapewa jina la Baba, na wote waliokuwa wakimwita kwa lile la kwanza walikuwa wamekufa. Akamnong'oneza Mama jina hilo. Mama akaweka bakuli chini, akamwita kwalo, mara moja tu. Na Gogo akaitika. Mama hajawahi kuniambia ni jina gani, nami sijamwuliza.

Miaka ikaenda. Walimu, wauguzi, watu wa kanisa, majirani wapya waliojenga nyumba za kupangisha, wote walimjua Mama kama Mama Chebet, na alijifunza kuwaitikia kwa adabu, kama mtu anayevaa viatu vya kuazima. Baba akafa. Walioijua sura ya Kip wakapungua mmoja mmoja. Akabaki Mama Shiro penye pengo, kila asubuhi, na mkwaruzo wake. "Mama Kiiip, umeamkaje?" "Ooi! Niko!" Sukari ikamla Mama Shiro mguu, akawa anasogezwa hapo kwa kiti cha magurudumu. Lakini aliita.

Tulipotoka kumzika, Mama alivua viatu vya kanisa mlangoni, akakaa kwenye kigoda, akatazama pengo.

"Chebet," akasema. "Sasa nani ataniita?"

"Mimi nipo, Mama."

Alitabasamu kidogo. "Wewe unaniita Mama. Kila mtu ana mama."

Hilo ndilo lililonitoa nikaenda stoo kuvuta turubai. Nilianika mahindi yaliyokuwa yamebaki kwenye magunia, ili nipate tu kazi ya mikono. Nikayageuza kwa miguu. Na mchana, upande wa uwanja wa ndege, nikaliona wingu. Mama alikuwa jikoni. Ningeweza kumwambia kutoka pale nilipo, lakini nilitoka langoni, nikazunguka hadi upande wa pili wa ua wa kayaba, nikasimama mahali ambapo nyasi bado zimelala kwa magurudumu ya kile kiti. Mtoto hamwiti mama yake hivyo. Nililijua hilo, nikaita.

"Mama Kip! Mvua!"

Kisha nikasikia kigoda kikisogezwa, na fimbo anayotembelea siku hizi, na akatokea mlangoni taratibu, mkono juu ya macho. Akanitazama kupitia pengo kwa muda mrefu. Nilidhani nimemkosea. Nilidhani atanigombeza kwa jina langu zima.

"Yeye alikuwa anavuta mwisho," akasema. "Ita tena."

Matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kugonga turubai. Nikavuta pumzi, nikaita tena.